Mkanda Uliobaki Ndani

Jumapili, 7 Machi 1993

Sura ya mama yangu siikumbuki. Sijamwambia mtu, hata rafiki yangu Shamimu ambaye anajua mambo yangu yote. Watu wa kwetu wakiniona husema, "Huyu Cecilia mtupu, pua ile ile," nami nainamisha kichwa na kutabasamu kama mtu anayekumbuka. Sikumbuki. Alikufa nikiwa na miaka minne. Nina harufu ya karafuu kwenye kitenge, nina mlio wa ndara zake uani, basi. Juu ya mabega yake ni patupu.

Kwa hiyo nilimwazimia sura. Ni ya yule mwanamke wa kwenye kalenda ya kiwanda, anayeshika mkoba wa ngozi mbele ya kifua na kucheka meno yote nje. Kalenda ilikwisha kazi yake zamani, lakini mjomba hajaitoa ukutani kwa sababu inaziba ufa. Nikimwombea mama, anayenijia ni huyo, na mkoba wake.

Nilitaka kuandika haya kwa Kiingereza ili mjomba asisome. Lakini Kiingereza changu ni cha insha za shule, kinajua kueleza likizo na safari ya Mikumi. Haya hakiyawezi.

Mvua ya kwanza imenyesha jioni hii. Nasikia ndara za mjomba. Naficha.

Jumanne, 9 Machi

Mvua. Mtihani wa Jiografia.

Jumamosi, 13 Machi

Nieleze kazi yetu, maana nikiyasoma haya nikiwa mtu mzima huenda nikadhani tulikuwa wezi. Au huenda nikawa na hakika.

Mjomba Alois ni kaka yake mama. Baba yangu alikuja Kilombero kukata miwa, akarudi kwao, hatukumsikia tena. Mama alipokufa mjomba akanitoa kijijini akanileta hapa Mwembesongo, Morogoro, na ndivyo ilivyo kwetu, mtoto ni wa ukoo wa mama. Alifanya kazi kiwanda cha ngozi mpaka walipompunguza pamoja na nusu ya wenzake. Akajaribu mitumba. Alinunua robota bila kulifungua, akalikuta limejaa makoti ya baridi, akayatembeza Morogoro mwezi wa Januari. Watu walimcheka hadi stendi.

Ndipo akakutana na Bwana Leonard wa Dar, anayenunua kamera kuukuu na lenzi zake na kuzipeleka Ulaya. Huko, anasema Leonard, kuna watu wana makabati ya vioo sebuleni, wamepanga kamera hamsini na hawapigi hata picha moja. "Jumapili wanazifuta vumbi," alisema. "Ndiyo misa yao."

Kwetu zimejaa. Kuna zilizoachwa na Wagiriki wa mashamba ya mkonge, kuna za walimu wa zamani, kuna zile Zenit nzito za waliosoma Urusi. Zimelala makabatini tangu miaka ile mkanda wa picha ulipoadimika kuliko sabuni. Sasa mikanda imejaa madukani, ya rangi, na kila mtu anataka kakamera kapya ka plastiki. Mjomba anapita nyumba kwa nyumba, nami nipo naye kwa sababu mimi ndiye ninayesoma maandishi yaliyoizunguka lenzi na vijitabu vyake. Mimi ndiye ninayemulika pia. Unafungua tundu la lenzi, unaweka tochi upande mmoja na jicho upande wa pili, unatafuta ukungu. Si ule wa milimani asubuhi, ni huu wa mkate ulioharibika. Ndani ya kioo unaota kama utando wa buibui, mweupe, mzuri kuutazama, Mungu anisamehe. Lenzi yenye utando Leonard haitaki. Mvua za hapa zimekula lenzi nyingi.

Mjomba naye ana maneno yake. Anaipokea kamera, anaitikisa sikioni, anasikitika kama daktari. Halafu anasema, "Hii imekufa, mama. Naichukulia spea tu."

Leo amemwambia hivyo mjane wa mwalimu mmoja kule Mlali. Ilikuwa nzima. Niliimulika mwenyewe. Mjane akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyevaa sare ya shule. Nikatazama viatu vyangu.

Njiani mjomba akasema, "Ada yako hiyo, mjomba." Ananiita mjomba nami namwita mjomba, ndivyo tunavyoitana. "Zamani serikali ilisomesha bure. Siku hizi anasomesha yule mama."

Akacheka. Nami nikacheka. Naandika hilo lisipotee: nilicheka.

Alhamisi, 18 Machi

Shuleni anayekamatwa akiongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anatembea nacho mpaka amkamate mwingine. Mimi sijawahi kukivaa. Walimu wanadhani ni kwa sababu najua Kiingereza. Ni kwa sababu siongei.

Jumapili, 21 Machi

Bwana Leonard alikuja kuchukua mzigo. Anafungua mgongo wa kila kamera, anatazama ndani, anaufunga. Katika moja akakuta mkanda. Akauvuta kama mtu anayetoa utumbo wa kuku, akautupa sakafuni.

"Ulikuwa na picha za watu," nikasema. Nadhani nilisema. Huenda ilikuwa moyoni.

"Huyu msomi wako haongei?" akamwuliza mjomba. "Au naye umemchukulia spea?"

Walicheka mpaka mjomba akakohoa. Walipotoka kwenda kwenye gari nikauokota ule mkanda. Ulikuwa umeshaungua kwa mwanga, wa kijivu mwanzo hadi mwisho. Sijui walikuwa watu gani.

Jumatano, 31 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza yangu. Nimeisogeza meza.

Jumamosi, 3 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Tulikwenda Kinole. Tulipanda lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu, likanasa kwenye utelezi, tukamalizia kwa miguu, mjomba mbele akishika migomba, mimi nyuma nikiwa nimebeba viatu. Kinole ndiko nilikozaliwa. Mjomba alikuwa amesikia kwamba Bibi Veronika, mjane wa Mzee Benedikto, bado ana kamera ya mumewe. Mzee alikuwa katekista, na ndiye aliyekuwa akiwapiga picha watu wa mlima ule wote, kipaimara, ndoa, hata maiti kabla hawajazikwa. Alikufa miaka saba iliyopita.

Tulimkuta Bibi anaanika karafuu chini ya upenu, akitazama mawingu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani huyu umeniletea, Alois?"

"Ni wa Cecilia."

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, kama sisi tunavyogeuza lenzi. "Ee," akasema, akivuta neno kwa Kiluguru. "Pua ndiyo. Macho siyo, macho ya yule mkata miwa."

Hakuna aliyewahi kuniambia kipi si cha mama.

Kamera aliitoa darini juu ya jiko, palipo na mahindi ya mbegu, imeviringishwa kwenye kitenge. "Wapwa zake mzee walichukua mikarafuu na shamba la bondeni. Haki yao, watoto wa dada zake. Hiki wakaniachia. Walisema sanduku la vioo."

Ilikuwa ya Kijerumani, ile ya macho mawili, unayoishika kifuani na kuinama kutazama kwa juu. Joto la jiko limeikausha miaka yote hii. Nilimulika kwa mbele, bila kufungua mgongo. Sijapata kuona kioo kama kile, kama vile hakuna kitu. Mjomba alikuwa ananitazama usoni, akapata jibu lake humo humo. Akaichukua, akaitikisa sikioni.

"Hii imekufa, mama."

"Alois," Bibi akasema. "Kipaimara ulipigwa na hiyo. Ulivaa shati la kuazima, ukalia kwa sababu kola ilikukaba."

Mjomba akacheka kidogo akiwa ameinama. Nilidhani hatamalizia. "Naichukulia spea tu," akamalizia.

Bibi hakubishana. Alimwambia akasalimie makaburi ya kwao kwanza, atakaporudi atampa jibu. Mjomba alipopotea nyuma ya migomba, Bibi akanivutia ndani.

"Kuna mkanda humo," akasema. "Wewe ni mtu wa shule, utajua la kufanya. Padre alimletea mzee alipotoka likizo kwao, mmoja tu, na madukani hakukuwa na kitu. Basi mzee akawa anabana. Leo moja, mwezi ujao moja. Zikabaki tatu, akasema hizi za Askofu akija. Askofu hakuja. Dawa ya kuoshea nayo ikakosekana, kisha mzee mwenyewe akaondoka." Akachagua vikonyo kwenye karafuu. "Mama yako yumo."

Nikakaa chini.

"Pasaka ile kabla hajaugua. Mlangoni pa kanisa, wewe umeng'ang'ania kitenge chake. Mvua inanyesha, naye hataki kufunga mwavuli. Mzee akamwambia, cheka basi. Akafunga mdomo hivi. Alikuwa na pengo mbele, hakupenda lionekane."

Pengo. Mwanamke wa kalenda ana meno yote.

"Na mzee yumo. Nilimpiga mimi mwenyewe. Sina nyingine yake. Wapiga picha ndivyo walivyo, wapo kwenye nyumba za watu wote isipokuwa kwao." Akaniwekea kamera mapajani. "Mjomba wako nitampa kamera kwa hicho atakachosema. Mkanda ni wako. Uuoshe, halafu uniletee mzee wangu."

"Nitakuletea, Bibi." Nilisema kwa sauti, nikajisikia.

Kidirisha cha nambari kilionyesha picha tisa zimepigwa. Nilimpiga Bibi moja mlangoni pa jiko. Kwenye kioo cha juu kulia ni kushoto, nikimfuata anakimbilia upande wa pili, akacheka akasema natafuta nini tumboni mwangu. Mbili zilizobaki sikuweza. Niliwahi kusoma kijitabu cha kamera kama hii: mkanda wake hauna haja ya kurudishwa nyuma, unazungushwa mpaka mwisho, na karatasi yake nyeusi inaufunika wote, ndipo unafungua kivulini. Nikazungusha. Nikafungua chini ya khanga ya Bibi, nikalamba utepe wake kama stempu, nikaubana usifunguke. Ukaingia mfukoni mwa sketi.

Mjomba alirudi na tope kwenye magoti yote mawili. Sikuuliza. Alimpa Bibi fedha kidogo, kidogo kuliko alizompa yule wa Mlali, na Bibi akazifunga kwenye pindo la khanga bila kuzitazama.

Njia nzima ya kurudi nilishika mfuko.

Jumatatu, 5 Aprili

Mtaa wa pili yupo Mzee Andrea, aliyekuwa na studio. Siku hizi chumba cha giza kimejaa madebe ya mafuta ya taa anayouza. Nilisimama dukani mpaka wateja wakaisha ndipo nikamwonyesha. Aliushika mkanda kama mtu anayeshika kifaranga.

"Dawa ya kuoshea nyeusi na nyeupe sina. Morogoro nzima hakuna. Dar ipo, kwa Wahindi wa zamani." Akaniandikia majina ya dawa kwenye karatasi ya kufungia sukari. "Ukiniletea nitakuoshea, sitaki hata senti. Lakini nisikilize, binti. Usiupeleke kwenye ile mashine ya rangi pale mjini. Dawa yao inakula picha ya namna hii yote. Watakupa plastiki."

Kaka yake Shamimu, Kondo, anapeleka vitunguu Kariakoo. Shamimu atamwomba. Nilimwambia Shamimu kwamba mkanda ni wa shule.

Mkanda nimeufunga kwenye karatasi nikaandika MAMA, nikauweka ndani ya kopo la mchele mkavu, kama tunavyohifadhi lenzi masika.

Mjomba anakuja. Naficha vyote viwili.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Leonard aliipeleka kamera ya Kinole dirishani, akatazama lenzi. Kisha, "Alois, hii imetoka mbinguni?"

"Imetoka jikoni," mjomba akasema.

Alipolipwa aligeuka akanipa mgongo. Mchana tukala pilau yenye nyama, na mimi nina viatu vipya vya shule. Nilitaka kusema: yule bibi anakula nini leo. Nilisema: naomba chumvi.

Nyama ilikuwa nzuri. Hilo nalo naliandika.

Jumatatu, 19 Aprili

Humu daftarini kuanzia leo mjomba namwita Alois.

Alhamisi, 22 Aprili

Kondo amerudi bila dawa. Alisahau karatasi nyumbani.

Jumamosi, 1 Mei

Alois alikwenda peke yake leo, nilimwambia naumwa kichwa. Alirudi na lenzi tatu, mbili zina ukungu. Akaniita nimsaidie kuangalia. Nikasema zote nzima. Leonard atazikataa mbele yake, nami nitakuwepo.

Jumapili, 9 Mei

Leonard alizikataa. "Macho ya msomi yameota ukungu?" akasema. Nilingoja Alois anigombeze. Alisema tu, "Mtoto amechoka, wana mitihani," akazirudisha kabatini. Ningependa angenigombeza.

Jumanne, 11 Mei

Mvua. Barabara ya Dar imekatika, malori yamelala njiani. Kondo ni mmoja wa waliokwama.

Jumapili, 16 Mei

Tulikuwa tunachambua mboga. Alois akasema, "Mjomba, una nini siku hizi?"

"Sina kitu."

"Nimekukosea?"

"Hapana."

Akachambua majani kadhaa. "Cecilia naye alikuwa hivyo. Ukimuudhi anafunga mdomo, unaweza kumaliza wiki unaongea na ukuta. Siku moja nilimvunjia..."

Nikainuka, nikasema naona mvua itanyeshea nguo. Hakukuwa na mvua. Nilisimama uani nimeshika nguo kavu. Sikutaka kumpata mama kutoka kwake. Nilikuwa na mama yangu kwenye mchele, mzima, hajaguswa na maneno ya mtu anayesema uongo kwa wajane. Nilitaka huyo.

Jumamosi, 22 Mei

Usiku paa lilivuja pande zote, mpaka kitandani. Asubuhi Alois akasema Jumanne nikiwa shuleni atapanda kuziba.

Jumanne, 25 Mei

Dawa imefika. Kondo ameileta, pakiti zote alizoandika Mzee Andrea, zimefungwa kwenye gazeti lenye harufu ya vitunguu. Nilikimbia nazo dukani kwake na sare yangu. Mzee Andrea akazisoma moja moja akitingisha kichwa. "Leta mkanda wako Jumamosi," akasema. "Nihamishe madebe haya kwanza. Na uje na moyo mgumu, mkanda wa miaka kumi na mitatu huenda ukawa umefifia. Lakini kitu kitatoka. Hata kivuli kitatoka."

Nilikuja nyumbani naimba. Kopo halikuwa mahali pake. Vitu vyangu vyote vilikuwa vimehamishiwa upande mkavu, vitabu vimepangwa, nguo zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Kopo lilikuwa juu ya vitabu. Ndani mlikuwa na mchele.

Nimemwaga mchele wote kitandani. Nimeupepeta kwa vidole. Hamna.

Alois hayupo. Yuko Mgeta, atarudi Alhamisi. Kama yupo Mgeta. Kama hajampa Leonard.

Jumatano, 26 Mei

Shuleni leo nimevishwa kibao. Mwalimu aliniuliza swali nikajibu kwa Kiswahili, tena kwa ukali. Darasa zima liligeuka. Sikumkamata mwingine, nilirudi nacho nyumbani shingoni.

Alhamisi, 27 Mei

Alikuja jioni, amevaa shati jipya, na kitu kilichofungwa kwenye gazeti kwapani. Akanikuta mezani. Akaweka mbele yangu bahasha, ile yenye rangirangi ya studio mpya ya mjini, akaiweka taratibu kama mtu anayekutengea chakula.

Nilijua kabla sijaigusa.

"Nilikuta kopo nikihamisha vitu vyako," akasema. Alikuwa amesimama. "Umeandika mama. Nikakumbuka Kinole, nikakumbuka yule mzee, nikajua. Nikasema ngoja, nisimwulize, huyu hapendi kuulizwa. Nitampelekea, aikute imeshatoka." Akasugua mikono kwenye suruali. "Nilipeleka Jumanne ile ile, nikaenda zangu Mgeta. Niliwaambia wakitoa ya mama yako waitoe kubwa."

"Umetazama ndani?"

"Nimetazama." Shati lake lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. "Yule binti wa pale, Janeth, anasema mkanda ulikuwa mtupu. Kweupe. Anasema labda kamera ilikuwa imekufa."

"Ilikuwa nzima," nikasema. "Na wewe unajua ilikuwa nzima."

Akakaa. Nikautoa mkanda. Ulikuwa safi mwanzo hadi mwisho, unaona vidole vyako upande wa pili. Nikamwambia. Dawa ya rangi inakula nyeusi na nyeupe. Mama alikuwemo, na mwavuli, na mimi. Mzee Benedikto alikuwemo. Bibi Veronika alikuuzia kamera kwa bei ya chumvi ili mimi nimletee mume wake. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo maishani mwangu.

"Nani alikwambia ya hiyo dawa?"

"Mzee Andrea."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Hakupandisha sauti. Heri angepandisha. "Kabla ya Pasaka," akasema. "Mbona hukuniambia, mjomba?"

Nilitafuta jibu lenye ubaya wake ndani. Yapo mengi. Mlali ipo, Kinole ipo, spea zipo. Yote ni kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Sikumwambia kwa sababu siambii watu vitu. Nilikaa na mama yangu kwenye kopo la mchele, nikinuna, na neno moja tu mezani, naomba chumvi halafu hilo neno, lingetosha.

Alipoingia chumbani kwake alisahau kile kilichofungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Ni fremu, ya mbao, yenye kioo. Nikatazama ukutani, ndipo nikaona: alipokuwa akipanga vitu vyangu Jumanne alishatoa kalenda. Amegonga msumari mpya mahali pake. Sikuwa nimetazama ukuta siku zote hizi. Mwanamke wa mkoba ameondoka, ameacha ufa na msumari.

Nimejaribu kumwombea mama. Hajaja mtu.

Ijumaa, 28 Mei

Alois alikula uani, mimi mezani kwangu.

Jumamosi, 29 Mei

Mzee Andrea alikuwa ameshahamisha madebe. Nilimwonyesha plastiki. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Dawa nitakuwekea." Sijui ya kuoshea nini.

Jumapili, 30 Mei

Jua limetoka. Watu wameanika magodoro. Nadhani masika yamekwisha.

Nimeushika mkanda dirishani nikaumulika, kama ninavyomulika lenzi. Hakuna utando, hakuna doa. Leonard angeupenda.

Alois ameondoka alfajiri, nimemsikia, na amerudi sasa hivi saa ya chakula. Shamimu alimwona stendi akiulizia lori la Kinole, kisha akageuka bila kulipanda. Asubuhi aliacha ujumbe mezani chini ya sahani: "Nitakwenda mimi kumwambia." Hatakwenda, nikamjua, na mimi peke yangu siwezi. Mimi ndiye niliyeahidi. Itabidi twende wote wawili, na itabidi mmoja wetu afungue mdomo, na Bibi atakuwa anachagua vikonyo asitutazame.

Sijamsamehe. Kwa Mlali sijamsamehe, kwa Kinole sijamsamehe. Kwa mkanda sijui nani amsamehe nani. Nimerudi nyuma kusoma nilichoandika tarehe 16. "Siku moja nilimvunjia..." Alimvunjia nini? Nilikwenda kuanua nguo kavu. Siku ile kulikuwa na mtu mwenye sura yake kichwani, amekaa mbele yangu anachambua mchicha, nami nikainuka.

Nasikia ndara. Zinakuja, zinasimama, siku hizi husimama kabla ya mlango wangu. Mkono umeshaushika ukurasa kwa mazoea. Nauachia. Nageuza daftari lielekee mlangoni, niandike kwa herufi kubwa, asome akiwa amesimama, maana kusema siwezi bado.

Mjomba. Sura ya mama siikumbuki. Sijamwambia mtu. Ingia, ukae. Anzia na lile pengo. Lilikuwa kushoto au kulia?